Nani Anaitikia Mlango Namba 8080?

Mpendwa mshauri, Jumapili iliyopita, kahawa ikiwa bado ya moto, nilimpoteza kumu wangu Tihomir, aliyesimamia ndoa yangu na kumbeba binti yangu ubatizoni, na naomba uniambie kama nimempoteza kwa haki. Hapa nyumbani nina seva niliyoiunda mwenyewe kwa kompyuta chakavu, shule haikunifundisha, na ndani yake mna picha na sauti za ukoo wetu wote. Binti yangu Nevena, aliyeolewa Linz, huzifungua akiwa huko kupitia mlango wa mtandao namba 8080. Jumamosi nilishinda kwenye banda la kukaushia nyama kwa moshi, nikifunga kamera mpya ya kuichungulia, jioni Nevena akapiga simu: "Baba, mbona naulizwa nenosiri?" Mimi sikuweka nenosiri lolote! Nikajaribu kwa waifai ya nyumbani, kwa anwani ya seva yenyewe, 192.168.1.20, pakafunguka mara moja. Nikaikagua seva, inasikiliza 8080 kama kawaida. Nikazima ukuta wa ulinzi wa seva, hali ile ile. Wanaoweza kuingia kwenye mipangilio ya ruta yangu, kile kifaa kinacholeta intaneti nyumbani, ni mimi na Tihomir tu. Moja na moja ni mbili. Nikamwuliza, akasema, "Kumu, sijagusa kitu chako." Nikamwambia, "Basi aliyegusa ni paka?" Akasukuma kikombe. "Haya, siku ya Mtakatifu Nikola mkalishe huyo paka kwenye kiti changu." Akaondoka. Sasa Ijumaa ndiyo sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, siku ambayo mtu haalikwi, anayehusika huja mwenyewe. Kiti cha kumu kikibaki kitupu ukoo wote utakiona. Sitaki mafumbo. Nijibu kabla ya Alhamisi saa sita mchana: ni yeye au si yeye?

Vukašin, Užice

Bwana Vukašin,

Si yeye.

Pole, najua inauma, lakini mlango uliofungwa hauulizi nenosiri, hukaa kimya. Nevena ameulizwa, kwa hiyo kuna kitu kinaitikia, na si seva yako. Nani kahamia kwako Jumamosi? Kamera ya nyama, baba! Kamera nyingi za namna hiyo huiomba ruta izifungulie mlango bila kukuuliza wewe; yako imejichukulia 8080, na nenosiri analoulizwa Nevena ni la kamera. Ndani ya nyumba huoni hitilafu kwa sababu unaiendea seva moja kwa moja, hupiti nje. Ulijumlisha moja na moja, ukamsahau wa tatu uliyemfunga kwa mikono yako.

Ingia kwenye ruta, zima ruhusa ya vifaa kujifungulia milango, ifute kamera kwenye orodha ya milango, kisha 8080 uirudishe kwa seva, 192.168.1.20. Ukijaribu, zima waifai utumie data za simu, ndipo utaona anachokiona Nevena. Ukuta wa ulinzi uuwashe, na safari hii nenosiri uliweke kweli. Picha za ukoo si za kila mpita njia.

Hiyo ni kazi nyepesi. Nzito iko nyumbani kwa Tihomir. Usimpigie simu. Nenda na chupa ya rakija, ile pombe yenu ya matunda, sema, "Kumu, ilikuwa kamera," na akikucheka, chekwa. Ni kweli sikukuu hiyo mtu haalikwi, lakini aliyefukuzwa hufuatwa.

Nami sitaki mafumbo. Nijibu kabla ya Alhamisi saa sita mchana: umekwenda au hujaenda?