Unga wa Njano Mezani

Swahiba, nimetoka ukumbini sasa hivi.

Binti yangu amevuliwa nguo mbele ya watu mia mbili.

Unajua uprofesa wake umesimama juu ya hesabu moja, kwamba dutu fulani haiwezi kuwepo duniani. Miaka ishirini na mbili anakokotoa, chupa ya maabara hajaishika.

Leo alikuwa anatoa hotuba ya kupokea uprofesa. Akainuka mwanafunzi wake wa zamani, yule ambaye binti alimfelisha kwa kuitafuta dutu hiyo hiyo. Akaweka chupa mezani, ndani unga wa njano.

"Mwalimu, hii hapa. Shika, haiumi."

Haiumi, swahiba. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Binti akauliza kwa sauti ya chini, "Umeipata lini?"

"Mwaka jana."

"Mbona hukuniletea ofisini?"

"Ofisini tungekuwa wawili, Mwalimu. Siku uliyonichania karatasi tulikuwa darasa zima."

Mwaka mzima kaificha, akisubiri ukumbi ujae.

Nilitaka kumrukia. Lakini kumchania mtu karatasi, binti alijifunza kwangu, mezani petu, akiwa na miaka saba. Karatasi nilizokuwa nachana kwa kosa la hesabu zilikuwa zake.