Baba, Namba 29 Nimeipata

Baba,

Nimekuja na lawama. Zipokee kwanza, halafu nitakupa habari ambayo ungekuwa hai ungeruka ua wa jirani.

Siku tunakuzika, mwaka juzi, mshereheshaji aliita watu waweke mashada. Mama akaenda. Sisi watoto watano tukaenda, wajukuu, kwaya, majirani wote wa Isansa. Kisha akaita, "Kaka na dada wa marehemu." Hakuinuka mtu. Akaita mara ya pili. Ya tatu akasema, "Haya, tuendelee." Baba, mtu wa miaka sabini na nne anazikwa kama aliyejiotea shambani! Nilikukasirikia palepale mbele ya jeneza. Maana kila tulipokuuliza habari za ndugu zako ulijibu, "Mimi sina dada," na mazungumzo yakaishia hapo.

Tena hasira yenyewe haikuanza siku hiyo. Kaka zangu wanne uliwasomesha, mimi ukaniambia, "Wewe hesabu umezaliwa nazo." Nikaenda Vwawa kufagia karakana ya milango. Nikajifunza kupima, kukata, kuchomelea. Leo karakana ni yangu na mafundi tisa wananiita bosi. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo nalo nilitaka ulisikie.

Sasa sikiliza. Tulipokuwa tunagawa nguo zako, kwenye mfuko wa koti lako la kanisani nikakuta bahasha kuukuu. Ndani, mistari miwili: "Kaka, tumehamia mjini. Njoo unywe chai, hasira iishe. Rebeka." Anwani: Namba 29, Mtaa wa Stoo, Tunduma. Nyuma ya bahasha, kwa penseli, mwandiko wako ule wa kulalia upande: "Nimehesabu nyumba 29. Hayupo. Amenidanganya."

Nilikaa chini. Kumbe dada unaye. Kumbe ulimfuata.

Mama nilipombana akasema Rebeka aliolewa na mfanyabiashara wa Tunduma bila kukungoja ukubali, nawe ukagoma kula ubwabwa wa harusi yake. Ubwabwa, Baba! Basi nikaapa: kama shangazi yangu yu hai, nitamwona kabla hajanitoka na yeye.

Nikapanda gari hadi Tunduma. Ofisi ya mtaa, karani akapekua orodha yake, akanitazama kwa huruma: "Mama, Mtaa wa Stoo hatuna. Una uhakika si Zambia?" Siku nzima nikazunguka. Vibao vipya kila kona, cha Stoo hakuna. Wabadilisha fedha wa mpakani wananisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mayo!" yaani hujambo, mama, "Una kwacha?" Nawaambia natafuta mtaa uliopotea. Mmoja akasema, "Hapa tunabadilisha noti tu, mayo. Mitaa hatubadilishi!" Nikacheka nikiwa na njaa.

Siku ya pili nikampata mama mmoja fundi cherehani, mdomo wake una makali kuliko mkasi wake. "Stoo? Si stoo ya mahindi ile! Ilivunjwa, na nyumba zikafuata moja moja. Sasa kwingi wanalaza malori." Jina Rebeka halikumwambia kitu; mjini kila mama huitwa kwa jina la mwanawe. Akanionyesha msingi wa stoo, umebaki chini ya ukuta mpya. Mtaa ulianzia hapo, akasema, nyumba upande mmoja, zote ramani moja. Nikapima ya kwake, ndiyo pekee iliyobaki: hatua kumi na mbili. Nyumba ya ishirini na tisa ingeanza baada ya hatua mia tatu thelathini na sita. Nikatembea. Sijamaliza mia mbili nimo kati ya malori, madereva wananipigia honi, na yule mama anapiga kelele kutoka mlangoni, "Utamkuta shangazi yako ameketi chini ya tela! Mtaa wenyewe ulikuwa na nyumba kumi tu!"

Kumi. Na anwani inasema ishirini na tisa.

Nikarudi kwake. Unajua mimi fundi wa milango, natazama fremu kabla sijamsalimia mwenye nyumba. Kwenye mlango wake wa kwanza, chini ya rangi tatu zilizobanduka, palikuwa na 13. "Mama, nyumba hii ilikuwa ya ngapi toka stoo?" "Ya nne." Nikatazama mbele ya nyumba: milango minne, kila chumba cha kupanga na mlango wake. Baba, waliandika namba kwenye milango! Wewe ulitoka Isansa, ambako kila familia ina nyumba yake, ukahesabu nyumba. Zilipoisha kumi ukaendelea na mtaa wa watu wengine, ukagonga, ukaambiwa hakuna Rebeka, ukarudi na kinyongo cha maisha. Milango minne kila nyumba: namba ishirini na tisa ni mlango wa kwanza wa nyumba ya nane. Hatua themanini na nne. Wewe ndiye uliyesema mimi nimezaliwa na hesabu, na hukunionyesha bahasha!

Hatua ya themanini na nne ilinifikisha kwenye geti la gesti. Nyuma, bibi anapepeta maharage. Pua yako, Baba. Yote kama ilivyo.

"Unatazama nini? Hujaona mzee?"

"Shikamoo. Namtafuta Rebeka wa Isansa."

Ungo ukasimama. "Nani anamtaka?"

"Mtoto wa kaka yake."

"Kaka yangu hana miguu? Miaka yote hii, leo anatuma mtoto!"

Ikabidi nimwambie. Tukalia, Baba, maharage yamemwagika, kuku wanakula. Alisema mumewe naye alishatangulia, na mwanawe ndiye aliyenunua kiwanja akajenga gesti. Yeye alikataa kuhamishwa hapo. "Nilijua amenikataa," akasema. Ndipo nikamsomea nyuma ya bahasha. Akanifanya nisome mara tatu.

"Alikuja?"

"Alikuja, Shangazi. Alihesabu nyumba."

Halafu kicheko kikamtoka, machozi bado yanashuka, khanga inaanguka. "Jamani kaka yangu! Nyumba ishirini na tisa! Si alifika Nakonde, Zambia kabisa, huyu!" Kisha polepole, kama anaonja, "Kumbe alikuja."

Wiki iliyofuata nilimleta Isansa. Kaburini alikusema saa nzima amesimama, hakutaka kiti. Tangu hapo yupo. Ameshatukosoa tulivyopogoa mibuni. Ametuambia ulivyokuwa unamkimbia bata mzinga ukiwa kijana mwenye ndevu, na Mama amecheka mpaka akashika ukuta, kicheko ambacho hatujakisikia tangu uondoke. Lawama zangu nimezipunguza, Baba. Ya shule nimeibakiza.

Naahidi mambo mawili. Upande wako majina ya ndugu tuliyoyajua yalikuwa sifuri. Leo daftarini mwangu yamefika arobaini na moja, na kila mjukuu atapata nakala. La pili, Shangazi hatamaliza mwezi bila kuona mtu wa kwetu, akiwa hapa au Tunduma. Zamu nimepanga, na kaka zangu wasomi wamo, wapende wasipende.

Pumzika sasa, Baba yangu. Ningeandika zaidi, ila dada yako ananiita toka jikoni kwa sauti ya kijiji kizima: ugali unapoa, na yeye hawezi kula peke yake wakati ana watu.

Mwanao,
Tabitha