Sabuni Ndani ya Kibuyu

Jumatatu, 4 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gesi, nasimama mlangoni pa chumba kilichokuwa changu na kusikiliza kama Kukhu anapumua. Nikisikia, naenda kuchemsha chai.

Kukhu ni mamake Mama. Alitoka Bungoma kuja kufanyiwa upasuaji wa tumbo hospitalini kule Upper Hill. Kidonda kimepona. Hamu ya kula haijarudi. Leo tena chai vijiko vichache, mkate hakugusa. Ijumaa ya wiki ijayo atapimwa uzito. Ukishuka tena, analazwa. Amesema wodini harudi, heri tumpeleke nyumbani akafie kwake. Alisema hivyo akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye daktari.

Mama anatoka kazini amechoka. Shule zimefungwa. Kwa hiyo kiamshakinywa ni changu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemuuliza kwake alikuwa anakula nini asubuhi. Ilibidi nirudie, sauti yangu haitoki. Uji wa wimbi wenye mtindi. Si maziwa lala hivi hivi. Ni yale yanayobaki baada ya maziwa kutikiswa na siagi kutolewa.

Sikuwa nayo. Nikanunua maziwa lala ya pakiti, nikayamwaga kwenye uji unaochemka. Yakakatika. Madonge meupe kila mahali. Kukhu akaonja kwa ncha ya kijiko.

"Hii ni chaki, mwalimu."

Ananiita mwalimu kwa sababu ya vitabu. Sikucheka. Nimesoma mchana kutwa na sikumbuki nilichosoma.

Alhamisi, 7 Agosti

Kibuyu chake kinaning'inia kwenye msumari jikoni tangu aje. Alikipakata kwenye basi kutoka Bungoma, mgonjwa hivyo hivyo. Leo nimekishusha akiwa amelala. Ndani kulikuwa kweusi na kulinuka moshi. Nimekisugua kwa brashi ya chupa, maji moto na sabuni ya vyombo, ile ya ndimu, mpaka maji yakatoka safi. Kisha nikaenda kununua maziwa kwenye ATM ya maziwa, ile mashine pale dukani. Nikayachemsha, nikayapoza, nikajaza kibuyu.

Sijamwambia. Nataka ashtukie tu mtindi uko mezani. Nina furaha.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilifungua mbele yake. Harufu ya ndimu. Maziwa yameharibika.

Kukhu alikinusa kibuyu. Akauliza nilikiosha na nini. Nikasema. Kumbe kibuyu hakiguswi na sabuni, hata siku moja. Kinasafishwa kwa kaa la moto, linazungushwa ndani mpaka moshi uingie kwenye ngozi yake. Ule weusi niliousugua ndio uliokuwa ukiyapa maziwa ladha. Ulikuwa wa miaka mingi. Kibuyu kilikuwa cha mamake.

Mama alinipigia kelele. Kukhu aligeukia ukuta. Hata chai hakunywa.

Najichukia.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi nilisimama mlangoni muda mrefu. Alikuwa anapumua. Hakutaka kitu. Sikwenda kanisani.

Alasiri akaita. Sauti kali, sijaisikia tangu aje.

"Mwalimu! Umeharibu kazi halafu umejificha? Lete moto!"

Moto gani? Sisi tunapika kwa gesi. Nikakumbuka mama anayechoma mahindi karibu na Jamhuri Park. Nikachukua mkebe. Nikapita mbele yake. Nikarudi. Nikapita tena.

"We msichana, mbona unanizunguka kama askari wa kanjo? Unataka mahindi ama umekuja kunishika?"

Wateja wakacheka. Nilitaka kukimbia. Nikasema naomba makaa ya moto, ya kibuyu cha nyanya yangu. Nilisema kwa sauti, hata mimi nikaisikia. Akaacha kucheka. Akachagua yaliyowaka vizuri, akayatia kwenye mkebe.

"Beba mbili. Moja itakuzimikia njiani."

Moja lilizimika kweli. Nilipofika nyumbani Kukhu alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hajawahi kuingia jikoni tangu upasuaji. Zungusha, akasema. Usiogope. Sasa toa majivu. Sasa tia maziwa. Moshi ulijaa nyumba nzima. Mama alifungua madirisha na hakulalamika. Mwisho tukaongeza kijiko cha maziwa lala ya pakiti yawe mbegu ya kugandisha.

"Hata chaki ina kazi," Kukhu akasema.

Jumatano, 13 Agosti

Tumetikisa. Alianza Kukhu, mkono ukachoka. Nikaendelea mimi, kibuyu mapajani, mbele na nyuma, mpaka siagi ikajitenga punje punje. Nikaitoa. Nikauepua uji, nikangoja upoe, ndipo nikatia mtindi. Haukukatika.

Amesema bado una ndimu kwa mbali. Akamaliza kikombe. Akaomba nusu nyingine.

Nilienda kulia bafuni.

Ijumaa, 15 Agosti

Upper Hill. Foleni ndefu. Uzito haujapanda. Haujashuka pia. Daktari amesema halazwi, aendelee kula nyumbani. Kukhu akamweleza kwamba mjukuu wake, msomi, aliosha kibuyu kwa sabuni. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama alinishika mkono mpaka nyumbani.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimesimama mlangoni kama kawaida. Sikusikia kitu. Nikangoja. Sikusikia kitu. Nikafungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Kisha nikasikia maziwa jikoni, ndani ya kibuyu, yakienda mbele na nyuma. Yakasimama, kama mtu anayepumzisha mkono. Yakaanza tena.

Nikavaa sweta. Nikaenda jikoni, nikapima unga wa wimbi, nikawasha gesi.