Dau la Uzito wa Dunia

Jumatatu, 6 Oktoba
Najaza maputo tangu asubuhi. Mtungi wa gesi unakoroma kama Massawe akishiba. Massawe ni jirani yangu hapa Kariakoo, Mchaga wa Moshi, anauza viatu vya watoto chini ya mwavuli mkubwa kuliko akili yake. Leo kaanza ubishi. Nikasema dunia inaongezeka uzito. Watu wanazaliwa, maghorofa yanaota kila kona. Yeye: "Dogo, uzito ni ule ule tangu Adamu." Tukaziuliza simu: yangu ikanikubali mimi, yake ikamkubali yeye. Simu za kinafiki. Tukawekeana dau. Yeye mwavuli, mimi kona yangu ya biashara. Shahidi Mama Kulwa, muuza chai. Mwamuzi ticha wa fizikia, anakuja Alhamisi kuchukua maputo ya mahafali. Sheria ya kijiwe: tukikosa wote, dau ni la shahidi. Tulicheka sana. Wote tutakosaje? Mimi kidato cha pili niliacha mwenyewe, sikufukuzwa.

Jumanne, 7 Oktoba
Sikulala vizuri. Kona si yangu. Ya Kaka Shaibu. Kaenda Lindi kumuuguza mama, kaniachia niishike tu. Anarudi Jumapili. Kaipigania kona ile na mgambo, na mvua, na matajiri wa maduka. Mimi nimeiweka dau kwa mdomo. Mjinga. Lakini nitashinda. Lazima.

Jumatano, 8 Oktoba
Siku mbaya. Mtoto kaachia puto, likapaa, akalia. Nikajifanya mtaalamu: "Usilie mdogo wangu. Puto litapasuka, lakini gesi yake itapanda mpaka nje ya dunia. Hairudi tena." Ndivyo alivyoniambia mwenye mitungi. Mama yake akacheka. Hairudi. Sasa kama inatoka, dunia inaongezekaje? Na anayeitoa ni mimi, kila siku, kwa mikono yangu!
Massawe hakusikia. Nimejaza maputo nusu nusu mchana kutwa. Mama Kulwa kauliza kama nina malaria.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ticha kaja. Kijiwe kimejaa, nacheka kwa nguvu nisionekane nina hofu.
Kasema mtoto anatengenezwa na chakula alichokula mama yake. Ghorofa ni mchanga na mawe, vimehamishwa tu. Hapo hakijaongezeka kitu. Massawe akaanza kucheza. "Subiri," ticha kasema. Kuna vumbi linaanguka kutoka angani kila siku, hilo linaongeza. Nikaruka mimi. "Subiri na wewe." Kuna gesi nyepesi zinatorokea huko juu, na zinazotoka ni nyingi kuliko vumbi linaloingia. Akanyoosha kidole kwenye maputo yangu. "Inapungua. Kidogo sana, lakini inapungua."
Massawe kakosa. Mimi nimekosa. Mama Kulwa kajifuta mikono kwenye kanga: "Haya, wanangu. Nileteeni vitu vyangu."

Ijumaa, 10 Oktoba
Kahamia kweli. Jiko, benchi, sufuria, vyote kwenye kona, chini ya mwavuli wa Massawe. Nimempa shikamoo mara mbili asubuhi moja. Nikamwambia kona ni ya kaka. "Ungeuambia hivyo mdomo wako, baba. Mimi nimechemkia juani miaka mingi." Hata sina hasira naye. Nina hofu. Massawe naye kaungua jua, hanitanii tena. Bora angenitania.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kaka kapiga simu. Mama anaendelea vizuri. Kauliza, "Kona vipi?" Nikasema ipo. Kweli ipo.

Jumapili, 12 Oktoba
Kaka kafika na begi begani. Kasimama akaitazama kona. Nikamweleza yote pale pale, bila mbwembwe. Hakunigombeza. Alimwamkia Mama Kulwa, shikamoo, akaitikiwa, akakaa kwenye benchi. Kaagiza chai mbili. Moja akanisogezea.
Tumekunywa zote. Mwishoni kauliza, "Dunia inapungua kweli?"
"Kidogo sana."
Katikisa kichwa. Kafungua begi, kanitolea embe kutoka kwa mama.
"Kesho tunatembeza maputo mitaani," kasema. "Vaa raba."