Herufi za Ubavuni mwa Ndege ya Baba

Jumapili, Rau. Manyunyu tangu asubuhi, mlima umejifunika gubigubi, na mimi nina hasira na vipande vya karatasi.

Mwezi mzima nimeunganisha ndege ndogo ya plastiki, mfano wa ile ya kunyunyizia dawa mashambani ambayo baba yangu aliihudumia kama fundi mpaka akastaafu. Mabawa sawa, rangi sawa. Zilibaki herufi za ubavuni tu, zile stika za kuloweka: unakata moja, unaitia kwenye maji, ikilegea unaitelezesha kwa brashi hadi mahali pake. Moja moja. Maelekezo yamesema hivyo, na kusoma najua.

Mimi nikaziloweka zote kwa mpigo, kama maharage.

Haraka zangu hizi. Baba alikuwa anakuja kula mtori baada ya misa, nikataka aikute mezani imekamilika. Niliporudi kutoka kukoroga sufuria, herufi zilikuwa zimeshaachana na karatasi zake, zinaelea, gundi yote imeishia majini. Ya kwanza ikajikunja. Ya pili ikanasa kidoleni, ikagoma kutoka. Nikazibandika hivyo hivyo kwa gundi ya shule, nasali na kutukana kwa zamu. Ya mwisho ililala upande kabisa, kama mlevi. Nilitaka kulia, mtu mzima na akili zangu.

Maana Baba namjua. Huyu alikuwa ananifutisha mstari wa daftari uliopinda kidogo tu, na kumsifia mtu kwa kumwonea huruma hajawahi. Tangu mwaka jana namsihi akapime macho, ananijibu, "Mwanangu, mimi Kibo naiona vizuri tu." Hata siku za mawingu anasema anaiona.

Akaja. Nikampa shikamoo, nikampa ndege, nikajiandaa kusemwa.

Aliipeleka dirishani. Akaisogeza karibu na uso, akaiweka mbali, akairudisha karibu.

"Herufi umezinyoosha vizuri sana," akasema, kidole chake kikipita juu ya bawa, mahali ambapo sikubandika kitu.

Nikasema asante, Baba. Nikaenda jikoni kumpakulia mtori.

Asubuhi yote nimehangaika asije akaona. Sasa ningetoa chochote anigombeze.

Kesho nampeleka hospitali ya macho, atake asitake. Akinuna, atanunia njiani.