Malkia Aliyezunguka na Jeneza

Wifi yangu Boke,

Niko Tordesillas, huku Uhispania. Kunanyesha, na baridi inaingia mpaka kwenye meno. Chakula ni supu ya vitunguu saumu. Nimetamani samaki wako wa Homa Bay.

Huyu kwenye kadi ni malkia wa mwisho wa ukoo wa Trastámara, uliotawala huku zamani. Mumewe alipofariki, alizunguka na jeneza lake akitaka azikwe Granada pamoja na wafalme wenzake. Walisema ni kichaa, wakamfungia katika mji huu mpaka akafa. Mzee anayetutembeza aliposimulia hayo, watalii walicheka. Mimi nilikukumbuka wewe, vile ndugu zangu wanakuita kichaa kwa kutaka mumeo, kaka yetu Ochieng, atolewe kaburi la ugenini huku.

Nikamwambia mzee, "Kwetu huyo si kichaa. Alikuwa anapeleka bwana yake mahali pake."

Mzee akasema, "Mwishowe jeneza lilifika."

Kibali cha kumfukua Ochieng bado hakijatoka. Wakumbatie watoto. Na wazee wakileta tena lile tunda la mti wa yago walizike badala ya mwili wake, wakatalie. Bila yeye, sirudi.

Wako, Akinyi