Mama Hakushindwa Mtihani

Kijiji cha Ujamaa Juhudi,
Mamboya, Kilosa.
24 Agosti, 1975.

Kaka yangu mpendwa Stefano,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Mikumi, na kwamba tembo bado wanawapisha ninyi watengeneza barabara, si ninyi mnaowapisha wao. Wifi Agnesi hajambo? Watoto je? Sisi huku tu wazima. Mguu wa Mama umepoa, mbuzi amezaa, na mahindi tuliyoachiwa na ngedere tumeshayaingiza ghalani.

Kaka, hii isome umekaa. Habari zetu utazisikia kwa watu wanaoshuka na treni ya Kilosa, nao watazitia chumvi mpaka zisilike. Bora uzipate kwangu.

Unajua mimi ndiye mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa kijijini. Katika darasa zima, hakuna anayemfikia Mama kwa akili, wala kwa ubishi. Anasoma mifuko ya mbolea, anasoma matangazo ya Chama, anasoma hata kanga za majirani na kuwauliza wanamsema nani. Hamu yake ilikuwa moja tu: mtihani wa taifa ukija, jina lake litoke katika hesabu ya wajinga. Neno hilo linamuuma, kaka. Tangu Baba afariki amekuwa akiwekeshwa dole gumba kila penye karatasi, na amechoka.

Basi siku ya mtihani ikafika. Tulikuwa tumeambiwa atakuja kusimamia Bwana Vitalis, yule mzee wa kikohozi, lakini aliumwa. Akaja kijana mmoja kutoka Kilosa, Bwana Lukasi, kwa baiskeli, na kalamu mbili mfukoni. Watu walikuwa wamekwisha keti. Mzee Anselmi alipoingia na kumwona mama mkwe wake, Bi Elizabeti, amekaa benchi la mbele, aligeuka mlangoni akaondoka mbio mzee wa watu. Tulicheka, lakini tulimwelewa. Kwetu mtu akae chumba kimoja na mkwewe, wakitazamana na kutajana? Haiwezekani! Raheli, mwanafunzi wangu mwingine, naye aliitwa kwamba nguruwe wameingia shambani, akatoka na ukuni mkononi.

Halafu Bwana Lukasi akaingia. Mama alimtupia jicho mara moja, akajifunika kanga mpaka puani, akatokea mlango wa nyuma. Watu wakaulizana kulikoni. Hakuna kati yao aliyejua.

Jioni tukakaa kuandika matokeo, mwenyekiti wetu Mzee Urbanus, Bwana Lukasi na mimi, watu wamejaa madirishani. Karatasi ilikuwa na safu mbili tu: waliofaulu na walioshindwa. Mwenyekiti, ambaye alikwishajisifu mpaka vijiji vya jirani kwamba kwake ujinga umefutwa wote, akasema asiyeshindwa amefaulu, kwa hiyo wale watatu waandikwe wamefaulu. Bwana Lukasi akasema hapana, asiyefaulu ameshindwa. Nikapandwa na hasira, unanijua. Nikawaambia wote wawili wanadanganya: mtu ambaye hakufanya mtihani hakufaulu wala hakushindwa, aandikwe hakufanya, na sababu yake iandikwe kando, ili Kilosa wajue wa kumrudia. Ukipika vyungu vitano na viwili hukuvifunua, utasemaje vyote vimeiva?

Walibishana, mwisho Bwana Lukasi akachukua rula akachora safu ya tatu. Lakini mwenyekiti akaweka sharti: asiye na sababu aende kwa walioshindwa. Anselmi, mkwe. Raheli, nguruwe. Kisha akanigeukia, akauliza sababu ya Mama.

Kaka, nilinyamaza. Mimi mwenye mdomo! Sababu nilikuwa naijua. Bwana Lukasi alikuwa anatazama kalamu zake. Mwenyekiti akangoja, akakohoa, akaandika Mama ameshindwa. Nami nikamwacha aandike. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Mama alikuwa nje, nyuma ya ukuta, anasikia yote. Akaja dirishani kinyumenyume, ametupa mgongo, akanyoosha mkono ndani na kudai karatasi na kalamu. Nikampa. Akaandika taratibu ameegemea ukuta, kisha akarudisha karatasi bila kugeuka. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti yake ya mkutanoni: "Sikushindwa. Huyo msimamizi ni mkwe wangu. Amemposa Magreti. Kumtamka siwezi, kumwandika naweza."

Ndivyo ulivyotangazwa uchumba wa mdogo wako. Vigelegele hivyo! Mwenyekiti akataka amhamishie Mama kwa waliofaulu papo hapo. Mama akakataa kule kule nje. Akasema mtihani hajaufanya, abaki safu ya tatu mpaka Bwana Vitalis apone aje na kikohozi chake.

Nisamehe, kaka. Mshenga wao alikuja mwezi uliopita, Mama akampokea, akaniagiza nikuandikie wewe, kwa kuwa jibu ni lako. Nami nikawa naahirisha, maana uliapa mbele ya wifi kwamba hutaki shemeji wa ofisini. Ni kweli ni wa ofisini. Lakini nampenda, na usiku ule alikwenda kwa mwenyekiti akaikata kwa mkono wake ile "ameshindwa". Nakuomba, usikatae.

Wasalimie wote, wifi na watoto, na wenzako wa barabarani. Bi Elizabeti anakusalimu, Mzee Anselmi naye, kila mmoja kwa wakati wake.

Mama anasema jibu la posa uliandike kwa herufi kubwa, maana atalifungua yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Magreti